Kisanduku cha Nne

Novemba ndiyo fundo. Unachagua bima,
unatia sahihi, na makato yanauchota mshahara
kabla kodi haijaunusa.
Baada ya hapo, hadi Desemba thelathini na moja,
umefunga. Halifunguki kwa kutaka.

Miaka kumi na tisa nasema haya,
kiwanda cha karatasi, Duluth, ghorofa ya pili,
ziwa limeganda nje ya dirisha langu.
Huja wenye jino. Huja wenye majuto.
Tanner Bergquist, kijana wa mashine ya tatu,
alitaka kujiunga Februari kwa sababu ya goti.
Nikamwambia: goti si tukio.
Kujuta si tukio.
Tukio ni mtoto, ndoa, talaka,
mwenza kufukuzwa kazi na bima yake ikaenda naye,
mambo yanayomwamsha mtu asubuhi akiwa idadi nyingine.
Na hata hapo una siku thelathini tu,
na badiliko sharti lifanane na lililokupata:
aliyejifungua aongeze mtoto,
asimtoe kwa fomu hiyo hiyo mume aliyemchosha.

Arvid Niemela alikuja siku ya ishirini na tisa.
Najua, kwa sababu nilikuwa nahesabu.
Theluji mabegani, kofia mkononi kama yuko kanisani.
Nikamsogezea karatasi. Kisanduku cha nne,
kati ya talaka na kuhama makazi:
kifo cha mwenza au mtegemezi.
Herufi ndogo, sawa na za wenzake.

Aliisoma mpaka chini, mpaka nambari ya mchapaji.
"Nisipotia tiki?"
Bima ya Corinne ilikoma saa ile ile, nikasema.
Makato ndiyo hayajui.
Dola arobaini na tatu na senti kumi
kila Ijumaa ya pili, hadi mwaka uishe,
na hutapata kitu, Arvid, hata plasta.
"Kabla ya kodi?"
Kabla ya kodi.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepunguziwa bei.

Nilipaswa kusisitiza. Nalipwa kwa kusisitiza.
Nilianza: kesho ndiyo mwisho, kesho saa kumi na moja jioni,
naye tayari ameikunja fomu mara nne,
ameitia mfuko wa ndani wa koti.
"Acha wakate," akasema.
"Hati ya mshahara alikuwa akiisoma yeye.
Mimi nitautazama ule mstari wake tu."

Siku ya thelathini na moja nilifunga faili.
Kila Ijumaa ya pili ikatoka kwenye printa, ya moto:
mfanyakazi pamoja na mwenza.
Aprili barafu ikapasuka ziwani kwa mlio wa sahani.
Julai. Septemba.
Zile dola zikaenda zinakoenda.
Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani,
na ungeiandika katika kisanduku kipi?

Novemba, siku ya kwanza ya kuchagua,
nilimkuta mlangoni kabla sijawasha taa,
na kalamu yake mwenyewe.
Mfanyakazi peke yake. Tiki.
Aliikandamiza mno:
ilipenya hadi nakala ya tatu, ile ya njano,
inayobaki kwangu.
Nikaipitisha kidole mara moja,
kisha nikaita anayefuata.