Daftari la Gendabai

Herufi zetu zinaning'inia.
Kila moja imeshika kamba kwa juu
kama nguo zilizoanikwa. Ndivyo nilivyoziona siku ya kwanza,
nina miaka thelathini na minne, nimekaa sakafuni
katika ghala la mbegu lisilo na mbegu,
kidole gumba bado kina wino
wa mkopo wa mwaka juzi.

Mgeni, siku ya tatu, hupewa jembe.
Hawa walikuja nalo wenyewe:
spana, bisibisi, koleo, kopo la grisi.
Tukapigwa picha. "Cheka kidogo," wakaniambia.
Nikacheka kidogo.

Siyadulari, mwalimu wetu, alisema yupo mama mstaafu
katika nchi ya theluji, kila mwezi anamega pensheni yake
ili mimi nipate spana.
Nikadhani baridi ile lazima inamuuma goti.
Nikamwombea goti.

Hatukuanza na a. Tulianza na *na* ya nati,
*ba* ya bolti, *pa* ya paipu,
kidole kikichora kwa grisi juu ya bati.
Mume wangu, Halke, akauliza nitafungua nini na spana, mbingu?
Sikumjibu. Nyati wake alikuwa na kiu,
nyati akanijibia.

Miaka miwili, fedha zikakata.
Gari jeupe lilirudi mara moja tu, kuchukua viti.
Sanduku wakaniachia: kilo kumi na nane,
nalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi,
na Kesar, binti yangu, anasukuma penye mlima.

Kisha ukaja mwezi wa Jethi, ardhi imepasuka kama kisigino,
na bomba la nyumba kubwa likafa.

Mama yangu alikuwa akisimama mbali na kisima chao,
mtungi chini, mikono nyuma,
akisubiri mtu mwenye huruma au mwenye haraka
ammiminie kutoka juu,
asije akagusa kamba.
Leo wametuma mtoto mbio: yule mwanamke wa spana yuko wapi?

Paipu kumi na mbili tulizitoa, mimi na Kesar,
moja baada ya moja, kutoka tumbo la nchi.
Chini kabisa washa ya ngozi, imelika
kama soli ya kandambili.
Nikapachika mpya. Nikarudisha zote kumi na mbili.
Nikapiga mpini, nikapiga, nikapiga,
bomba likakohoa,
likatema kutu,
likatoa maji.

Maji ya kwanza waliyatumia kuosha mpini.
Pale nilipokuwa nimeshika.
Kwa maji niliyoyapandisha mimi.

Kesar alinitazama. Ana miaka kumi na moja,
anajua kuhesabu, na hapo alikuwa anahesabu.

Nilifuta mikono. Nikafungua daftari.
Kazi isiyoandikwa, Siyadulari alisema, haikufanyika.
Tarehe. Washa moja. Grisi. Rupia mia mbili hamsini.
Fundi: Gendabai.
Sahihi ya mteja: hapo pako wazi.

Nikamnyooshea Bhanwar Singh kalamu,
ile ile, yenye jasho langu na alama ya meno yangu.
Aliitazama. Akautazama mpini unaodondoka maji.
Watu wa nyumba wote walikuwa barazani
na hakuna mtu, tangu dunia iumbwe,
aliyewahi kuonekana akiosha kalamu.

Akaandika jina lake chini ya langu.
Herufi zake nazo zikaning'inia
kwenye kamba ile ile.

Noti alizitupa chini. Nikaziokota, sina makuu;
mia mbili hamsini ni mia mbili hamsini.

Mama wa theluji, goti vipi?
Sidai kitu, najua fedha ziliisha.
Nilitaka tu ujue
ile washa imekaa.