Themanini na Mbili

Saa kumi na mbili kasoro, Kongwa, mwezi wa saba,
upepo unashuka mlimani bila hodi
na Ndahani ameniletea gari la wagonjwa,
Landkruza ya dizeli iliyozeeka kabla ya dereva wake.
"Mbukwa, fundi. Hita inapuliza,
ila inapuliza kama mtu anayepoza uji."

Sikukimbilia boneti.
Nilimtazama Nesi Sechelela kiti cha mbele,
mikono kwapani, sweta mbili.
Akasema bila kunigeukia:
juzi, tukitoka bondeni, mama alijifungua njiani.
Mtoto nikamtia humu, kati ya sweta na ngozi.
Tulipofika, nyayo zake zilikuwa rangi ya zabibu.
Sasa analia. Ananyonya.
Lakini zile nyayo, fundi.

Basi nikafungua.

Injini ya dizeli ni kama figa:
huchelewa kushika joto, ikilishika hailiachi.
Hii haikushika kabisa.
Robo saa inanguruma, mshale wa geji umelala chini
kama mbuzi aliyegoma mnadani.
Maji yapo. Mkanda umekaza. Feni ya ndani inavuma.
Nikavuta kebo: koki inafunguka, inafunga,
hakuna mwizi hapo.

Nikashika mipira miwili inayotoboa ukuta kwenda kwa abiria,
mmoja kila mkono,
kama anayepima mapigo ya pacha.
Wa kuingia: vuguvugu.
Wa kutoka: baridi kama jembe la alfajiri.
Maji yanaingia, hayapiti.

Ni haya maji yetu ya kisima, ya chumvi,
yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika.
Humo ndani yamejenga mwaka juu ya mwaka
na hakuna aliyewaomba kibali.
Nikachomoa mipira, nikamimina siki,
mvinyo wa Dodoma uliomchachia shemeji yangu,
nikauacha umung'unye chokaa
hadi muuza vitumbua alipofunika beseni lake.
Kisha nikasukuma maji kinyumenyume.
Yakatoka matope, kutu,
na kitu kama maganda ya mayai.

Ningeishia hapo. Ningelipwa.
Lakini lile neno, vuguvugu, lilinikaa kooni.
Kwa nini hata wa kuingia uwe vuguvugu?

Injini ilipopoa nikaiwasha tena,
kiganja juu ya mpira mkubwa wa rejeta.
Huo hutakiwa kubaki baridi, usubiri
mpaka kimlango cha ndani kiridhike na kufunguka.
Haukusubiri.
Dakika ya pili tu umeanza kupata moto,
joto linatoka lilivyoingia,
nyumba haina mlango.

Boliti mbili. Kifuniko. Kidole.
Patupu.

Na pembeni mwa kifuniko gundi nyekundu,
iliyopakwa kwa dole gumba, kushoto kwenda kulia,
mwishoni imekunjwa kidogo juu.
Mkono huo naujua.
Ndio ulioshika spana.

Oktoba, miaka tisa nyuma, dereva mwingine,
rejeta inachemka, jua linakaanga hata vivuli.
Badala ya kutafuta tundu nikang'oa thamostati.
Nikasema, "Nchi hii nani anahitaji kutunza joto?"
Akacheka. Nikacheka.
Akaniongezea na hela ya soda.

Mpya imeletwa na basi la saa tisa,
ndogo, inang'aa, imegongwa 82.
Nimeifunga. Mshale umepanda taratibu,
umesimama katikati, umetulia.
Sechelela kaweka kiganja kwenye tundu la hewa,
kakiacha hapo muda mrefu,
halafu kavua sweta moja.

Kadi yangu ya kazi ina nafasi mbili tu.
Gharama: thamostati moja; siki, chupa mbili.
Tatizo: thamostati haikuwepo.
Kalamu ikasimama. Ndahani anapiga honi.
Nikaongeza: Niliitoa mimi.
Nikaikunja, nikampa nesi,
sikumpa dereva.