Skrubu Moja Imebaki

Saa nane usiku. Arua imelala,
isipokuwa jenereta nyuma ya ukuta
na sisi wawili tuliopiga magoti
mbele ya raki tupu kama kinywa cha kibogoyo.

Kumbikumbi ndio walioanza.
Mvua ya Aprili ilipokatika
waliiona taa ya kijani kupitia tundu la waya,
wakaifuata, maskini,
na feni zikawapokea.
Asubuhi ruta ilikuwa inahema kama mwenye pumu.
Koboko hakuna. Yumbe hakuna.
Karani wa benki akawaonyesha wateja viganja vitupu.

Tulivua kila kitu. Tulipangusa kwa brashi ya rangi
ambayo haijawahi kuona rangi.
Mbawa zikajaa kopo la maziwa ya unga.
Obitre, mlinzi wa lango, alichungulia, akasikitika:
"Mbawa tu? Nyama yake mmeitupa wapi?"

Sasa ni kurudisha.
Kitabu kinasema: hatua zilezile, kinyumenyume.
"Kitabu hakijawahi kuchoka," akasema Andama.
"Anayetoa ana hasira, Candiru. Anayerudisha ana hofu."

Kwanza sanduku lenyewe, tupu,
kilo thelathini na mbili za bati na ukimya.
Tukaliinua, bega langu kwa bega lake,
likagusa reli, likakataa,
likagusa tena, likaingia.
Skrubu nne masikioni. Usikaze ya kwanza
mpaka ya nne imeshika.

Kisha waya wa ardhini, kijani na manjano,
kabla ya umeme wowote; radi za huku hazibishi hodi.
Nikavaa kikuku cha kitambaa,
mkia wake nikaubana kwenye chuma.
Bibi arusi gani huyu, nikawaza,
anayefungishwa ndoa na raki usiku wa manane?

Trei ya feni. Vyanzo viwili vya umeme, kushoto, kulia,
swichi zimezimwa (nilitazama mara tatu).
Halafu kadi, moja moja, nikizishika kingoni
kama picha ya marehemu,
kidole kisiguse uso.

Ya pili ilikwama nusu ya njia.
Mkono ulitaka kusukuma.
Andama hakusema neno, alikohoa tu.
Nikaivuta nje. Ndani ya mfereji wake
ubawa mmoja, mkavu, unang'aa
kuliko chochote tulichonunua Kampala.
Nikautoa kwa kibano changu cha nyusi.
Kadi ikateleza, vishikio vikafunga: ta, ta.

Tundu la tano halina kadi. Nalo lina kifuniko chake,
la sivyo upepo hupotea njia.

Kebo, kila moja na plasta yenye mwandiko wa Andama,
ambaye saba zake na moja zake ni mapacha.
"Hii ni Yumbe au Nebbi?"
"Nebbi."
"Una uhakika?"
"Chomeka. Tutasikia nani atapiga simu."

Tukawasha.
Feni zikapiga yowe, zikashuka, zikatulia.
Taa: njano. Njano.
Njano, hata nikaanza kukumbuka
madeni yangu yote.
Kijani.
Nikaiuliza Kampala: upo?
Swali likakimbia ndani ya uzi wa kioo,
likavuka Nile pale Pakwach bila kulowa,
na jibu likarudi kabla sijakunja kidole:
nipo.

Andama alikuwa anafagia. Akasimama.
Sakafuni, skrubu moja.
Tulihesabu matundu kwa tochi, mbele, nyuma,
yote yamejaa.
Tukaitazama kama mgeni asiye na mwenyeji.
Akaiokota, akaitia mfukoni
pamoja na nyingine; nilizisikia zikigongana.

Nje, matone yalianza upya juu ya mabati.
Obitre alikuwa amewasha taa ya lango,
ameweka beseni la maji chini yake,
amekaa, anasubiri.

Nikarudi ndani haraka
kuziba lile tundu la waya.