Mstari wa Nyuma

Hotuba ya Meilyr Tudwal iko ukurasa wa arubaini na moja,
imebanwa kati ya picha ya machimbo na maswali matano.
Kila mwaka naifundisha. Kila mwaka Gethin fulani
anapanda juu ya kiti, ngumi hewani, ananguruma,
na wenzake wanapiga meza kana kwamba mgomo ni wa leo,
kana kwamba ni wao waliopasua sleti ile,
jiwe jeusi linalofunguka kurasa kurasa,
ambalo hapa Nant-y-Garreg
ndilo tuliloezekea nyumba, kanisa, choo cha shule,
ndilo tunaloandikia majina ya wafu.

Vizuri, nasema. Pumzi itoke tumboni. Usimeze silabi ya mwisho.
Tazama watu, usitazame viatu vyako.
Halafu najaza alama kwenye fomu, kengele inalia.

Mwaka huu Lleucu aliuliza, bila kunyoosha mkono:
"Kipaza sauti alikitoa wapi?"

Watu elfu mbili, mwalimu. Mlimani. Mwezi wa Novemba.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na koti.
Nikawatoa nje, ishirini na sita, kwenye uwanja wa raga,
katika mvua ile ya Welisi isiyonyesha, isiyoacha,
nikawapanga mmoja mmoja, hatua kumi kumi,
hadi kwenye uzio wa kondoo.
Gethin mbele, juu ya kreti la maziwa.
"Sema sentensi moja tu. Anayesikia ampe wa nyuma yake.
Ndivyo walivyofanya, nadhani. Mdomo hadi mdomo."

"Hatutarudi machimboni!" akanguruma Gethin,
na sentensi ikaanza safari yake,
ikapita kwa Tegid mwenye mafua,
ikapita kwa mapacha wa mchinjaji waliokuwa wakicheka,
ikavuka dimbwi, ikagongana na upepo utokao mlimani,
na mahali fulani, kati ya mdomo na sikio,
upepo ukaidokoa silabi ya kwanza,
silabi moja, nyepesi kuliko unyoya: ha.

Lleucu alikuwa wa mwisho, mgongo kwenye uzio.
Akapokea alichopewa. Akakitamka kwa sauti:
"Tutarudi machimboni."

Wakacheka. Kisha wakaacha,
mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mji wetu ni mdogo
na kila mtu anajua ni babu wa babu wa nani
aliyerudi machimboni majira ya pili ya baridi,
ni dirisha la nani lililopigwa mawe,
ni ukoo gani hadi leo haukai benchi za mbele kanisani.

Sitasema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa.
Nimesoma daftari la duka: unga, kwa mkopo; unga, kwa mkopo;
jeneza dogo, kwa mkopo.
Yule mtu alisikia vizuri. Alikuwa na watoto sita, kisha watano.
Lakini darasa zima liliduwaa mvuani
likiitazama sentensi ambayo kitabu hakina,
na mimi, miaka kumi na tisa ya chaki,
sikuwa nimewahi kumwuliza mtu yeyote
mstari wa nyuma ulipata nini.

"Sasa wewe," nikamwambia. "Njoo kwenye kreti."
Akakataa. Akabaki pale pale uzioni,
akaanza kuisema hotuba nzima, kwa ghibu, aya kwa aya,
kwa sauti ya mtu anayehesabu sarafu gizani.
Hakupaza. Hakuinua ngumi. Viatu vyake ndivyo alivyovitazama.
Makosa yote niliyowakanya.

Na wao, kidogo kidogo, bila kuitwa,
Gethin akiwa amelikumbatia kreti lake,
wakatembea kwenda nyuma.