Uzito wa Hewa

Fundi Saturnina Callisaya
ana gereji ya mabati huko Río Seco, El Alto,
mahali ambapo maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa
na mgeni hupanda ngazi sita, akashika ukuta.

Leo amefungua busta ya breki ya lori la baba.
Ameibana kwenye jiliwa, akaigonga pembeni,
akaizungusha kwa nyenzo hadi ikaachia
kama kopo lililokuwa likificha neno.
Nilitarajia vyuma. Gia, labda.
Mna springi moja,
kiwambo cha mpira mweusi, kipana kama sinia,
na nafasi tupu, tele.

"Hapo pasipo na kitu," asema, "ndipo penye kazi.

Injini inafyonza. Inavuta hewa kwa hosi hii
kutoka vyumba vyote viwili, huku na huku ya mpira,
na vali hii ni njia moja: hewa ikitoka hairudi.
Vyumba vinakaa hivyo, vimelingana njaa.
Ukikanyaga, kitundu kinafunguka upande wa dereva.
Hewa ya nje inaingia mbio, inaukuta mpira,
na ng'ambo ya mpira hakuna wa kuupinga.
Basi inasukuma. Mguu wako umesema neno moja,
hewa imemaliza sentensi."

"Kwa hiyo siyo injini inayosukuma?"

"Injini inafukuza tu. Anayesukuma ni huyu,"
akapunga kiganja mbele ya uso wangu,
kiganja cheusi kwa grisi, kisicho na kitu.

Kisha akacheka. "Na huku kwetu huyu ni mwembamba.
Madereva wa Arica wakipanda kutoka pwani
wananijia wakilalamika breki zimekuwa ngumu.
Hakuna kilichoharibika.
Theluthi ya msaidizi wao wameiacha baharini."

Nikauliza nililokuja kuuliza.

Baba, akishavuka kilele cha La Cumbre,
alikuwa akizima injini.
Petroli haiokotwi, alisema,
na mlima unateremka bure.
Mwaka ule alibeba saruji, mifuko themanini.
Kona ya kwanza breki iliitika.
Ya pili iliitika kwa kusitasita.
Ya tatu, kanyagio likawa jiwe.
Alilielekeza lori kwenye ukingo wa mlima, siyo kwenye bonde,
akapoteza taa zote, saruji, meno mawili.
Mama alipofika hospitali alimwambia:
mguu umenisaliti, Fortunata. Nimezeeka.
Alikuwa na miaka hamsini na moja.
Tangu hapo fimbo, ambayo daktari hakumwandikia.
Lori likakaa uani miaka tisa, kuku wakataga kwenye kiti.

Saturnina ananyanyua mpira. Unakatika vidoleni.
"Huu umeozea uani. Siku ile ulikuwa mzima.
Injini ikizimwa, utupu uliobaki humo
ni akiba ya mikanyago miwili, mitatu.
Baba yako aliitumia yote kwa kona mbili.
Ile ya tatu alikanyaga peke yake.
Hata mcheza mpira angeliona jiwe."

Akafunga busta ya mtumba, hosi mpya.
Hakunipunguzia hata boliviano moja.

Jioni nilimkalisha baba kwenye usukani.
Injini ikiwa imezimwa, kanyaga, nikamwambia.
Tena. Tena. Likawa gumu.
Akanitazama kwa uso wa hospitali.
Usiondoe mguu, nikasema. Sasa washa.

Injini ikakohoa, ikashika.
Na kanyagio, chini ya kiatu chake,
likazama polepole, kiasi cha vidole viwili,
bila yeye kuongeza nguvu.

Akazima. Akarudia toka mwanzo.
Mara nne alirudia, kuku wakitukimbia,
moshi ukijaa uani, mama akiita chakula.

"Mguu huu," akasema hatimaye, akiupiga kofi gotini
kama anayemsamehe punda.

Fimbo tuliikuta asubuhi ndani ya lori.
Ametengea dirisha lililovunjika mkono wake.