Mraba Ukutani

Palipokuwa na televisheni pamebaki mraba
mweupe kuliko ukuta wote,
na misumari miwili iliyopinda kama watu wanaosikiliza.
Nafula aliutazama siku tatu, ya nne akauliza:
Baba, habari zimehamia wapi?

Wewe ulicheka, Kemunto.
Kisha ukachukua daftari lake la hesabu lililosaza kurasa,
lile la mirabamiraba, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
ukaniambia: Keti. Taja yote.
Hata yale unayoyaficha kwenye soksi.

Nikataja.
Sacco, elfu sitini na nne, na Mzee Barasa aliyenidhamini,
ambaye siku hizi akiniona kanisani husali macho wazi.
Hospitali ya mama, elfu kumi na nane na sarafu.
Duka la Chelagat: unga, sabuni, mafuta, kibiriti.
Hata kibiriti! Tuliwasha moto kwa mkopo.
Karo ya muhula wa pili.
Halafu nikanyamaza, nikalikuna goti.

Ukangoja. Chai ikachemka, ikamwagika, ukaiacha.
Nikasema: na simu. Mikopo mitatu.
Wa tatu nilikopa kulipa wa pili,
wa pili nilikopa kulipa wa kwanza,
wa kwanza sikumbuki ulinunua nini.

Nilidhani utainuka uende kwa dada yako Keroka.
Uliandika tu. Kalamu ikagoma,
ukaisugua kiganjani, ikakubali.
Na chini kabisa, kwa herufi za mchwa, ukaongeza lako:
*Chama. Elfu tisa. Nilisema zimeibwa. Hazikuibwa.*
Ukaligeuza daftari nisome.
Tulikaa hivyo,
wezi wawili waliokutana katika nyumba moja.

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga,
wakasahau kutuambia kwamba dawa hiyo
hunywewa kwa kijiko cha chai,
asubuhi na jioni, mwaka na miezi.

Basi saa kumi alfajiri, Kaptembwo ikiwa bado giza,
wewe unakanda, mimi nakaanga, mandazi mia mbili
kabla sijaenda kuchomelea mageti ya wenye nyumba zao.
Nilijifunza kukata pembetatu.
Zangu zilitoka na pembe tano;
ukaziuza vilevile, ukiwaambia wateja ni toleo jipya.
Kazini nilikwenda kwa miguu,
nikarudi na vumbi la Nakuru hadi kwenye kope,
nikaiweka nauli mezani, shilingi hamsini,
nawe ukaiandika kwa wino kana kwamba ni mshahara.

Tuligombana, nisidanganye.
Kwa sababu ya nusu kilo ya nyama, mwezi wa Julai,
nililala nimeelekea ukuta, wewe umeelekea mlango,
na katikati yetu Sacco ikalala chali, ikikoroma.

Agosti, Chelagat aliuchana ukurasa wetu
akafungia sukari ya mtu mwingine.
Tulisimama nje ya duka kama waliotoka ubatizoni,
hatukununua kitu, hatukujua pa kuweka mikono.
Hospitali ilifuata. Kisha chama:
ulikwenda mwenyewe, ukasema ukweli mbele ya wanawake kumi na sita,
ukarudi umevimba macho, na risiti.
Sikukuuliza. Niliosha vyombo.
Na Jumapili moja nikamchungulia Mzee Barasa:
amefumba macho, mdomo wazi, sijui ni sala au usingizi.

Imebaki simu moja, na karo, ambayo haizeeki.
Jana mtu alituletea televisheni ya bei ya kutupa,
ukamwambia tuna yetu.

Maana kila jioni Nafula hupanda kwenye stuli,
akasimama mbele ya mraba, mwiko mkononi,
shingo ameinyoosha kama msomaji wa habari:
Hamjambo. Leo Baba ameunguza mandazi kumi na moja.
Mama amesema tutayala sisi.
Hali ya hewa: vumbi. Baadaye huenda kukanyesha.

Nawe unafungua daftari, kalamu kinywani, unamkatiza:
Kumi na moja, au kumi na mawili?