Kupiga

Jumatatu hadi Ijumaa napiga picha za mifupa:
vuta pumzi, ishike, usitikisike.
Jumamosi nabadili mgonjwa.
Napanda ngazi za ghorofa moja Upanga, kamera begani,
stendi ya miguu mitatu kwapani,
na mlinzi wa getini hachoki kunitania:
"Leo tena kupiga bunduki?"
Kiswahili nacho. Kitenzi kimoja kimebebeshwa
pasi, hodi, mswaki, simu, picha, risasi.
"Naenda kuipiga," namjibu. "Yenyewe haipigi tena."

Bi Khorshed, mjane wa fundi bunduki,
amezitoa kabatini tangu saa mbili.
Ziko tisa. Kila moja ina kibali chake ndani ya faili,
na pini imeng'olewa kama jino.
Anazipangusa kwa mafuta ya cherehani,
maana kutu ya Dar haibishi hodi.

Bunduki ni mteja mgumu.
Chuma kinarudisha mwanga wote, mbao inaumeza wote.
Nilitandika shuka jeupe: ikaonekana maiti.
Nikaweka karatasi nyeusi: ikaonekana tishio.
Bi Khorshed akaleta kanga yake,
na kwenye picha ya kwanza, chini kidogo ya mtutu wa gobore,
maandishi yakasomeka yote: ULIMI HAUNA MFUPA.
Tulicheka mpaka umeme ukakatika.

Afadhali ulivyokatika. Feni ikatulia, pazia likatulia.
Mwanga wa dirishani ukaingia kwa ubavu
na kitako cha gobore kikaota alama:
chale saba za kisu, ya saba fupi,
kama mkataji aliitwa kula.
Tembo? Watu?
"Marehemu alisema nguruwe," akasema Bi Khorshed,
"lakini marehemu alikuwa akiuza bunduki. Ungetaka aseme nini?"
Nikashika pumzi ninayowaagiza wengine wiki nzima.
Nikapiga mara moja tu.

Alhamisi aliletwa Mzee Chiwalala wa Nachingwea, nyonga inamsumbua.
Kwenye picha, paja limejaa nyota:
marisau kumi na moja, meupe, yametulia.
"Ujana," akasema. "Shemeji yangu alidhani mimi ni nguruwe."
"Na hukuyatoa?"
"Yamekaa miaka arobaini bila kudai kodi, niyafukuze leo?"
Akaomba nakala, akamwonyeshe shemeji.

Watu huniuliza mbona sipigi harusi, harusi zina hela.
Sina jibu la maana.
Napenda parafujo iliyoliwa kichwa na bisibisi ya mtu nisiyemjua.
Napenda pale shavu la mtu lilipoegemea, likaegemea,
mbao ikawa laini kama mpini wa mwiko.
Nasogeza lenzi karibu, karibu zaidi, mpaka bunduki inapotea
na kinabaki kitu kinachofanana na ngozi.
Na sipendi ninavyopenda.

Ya mwisho leo ni ya mitutu pacha, ile ya kukunja.
Naikunja katikati, tupu,
naiegemeza juu ya vitabu vya simu vya zamani,
naweka jicho la kamera pale risasi zilipokuwa zikilala.
Matundu mawili ya mwanga, kama miwani iliyosahauliwa mezani.
Kwenye la kushoto, kunguru juu ya waya, anagomba na nani sijui.
Kwenye la kulia, uani kwa jirani, shati la shule kwenye kamba
linajaa upepo, linaishiwa, linajaa.

"Unaona nini humo?"
"Shati."
"La nani?"

Kidole kiko kwenye kitufe.
Upepo umepungua. Nangoja lijae.